Gundi Bado Mbichi

Ilikuwa Alhamisi, saa kumi na moja kasoro robo, Mkutubi alipomaliza kupanda ngazi za nje za jengo la mshonaji, riwaya mpya kwapani, akaukuta mlango wa chama umeegeshwa. Hilo halikumshangaza. Kilichomshangaza ni harufu kali ya tina, dawa ile mafundi wanayoyeyushia rangi, iliyomchoma pua kabla hajavuka kizingiti.

"Mzee Rula?" aliita. "Leo umeamua kutupaka rangi sote?"

Taa ya mezani ilikuwa inawaka na kiti kimesukumwa nyuma. Katikati ya meza ndefu ulisimama ukumbi wa shule uliojengwa kwa kadi na mbao nyembamba, kila kitu kimepunguzwa mara hamsini, roshani yake ya ndani ikisubiri nguzo. Mkutubi aliufuata mnuko hadi chumba cha rangi, kijistoo kisicho na dirisha ambamo wanachama walipulizia rangi modeli zao. Mlango ulikuwa umefungwa na feni ya kutolea hewa imezimwa. Tangu chama kianze, kwa amri ya Mzee Rula mwenyewe, hakuna aliyewahi kufungua hata kizibo humo kabla ya kuiwasha feni hiyo.

Alivuta mlango.

Mzee Rula alikuwa amelala chali sakafuni, bomba la kupulizia likiwa mkononi, kopo la tina limepinduka karibu na uso wake. Chini ya kichwa chake damu ilikuwa imetengeneza duara dogo jeusi.

Mkutubi alibana pumzi, akamshika makwapani, akamvuta. Mzee alikuwa mwembamba kama rula aliyopewa jina lake, ila jioni ile alikuwa mzito kama mfuko wa saruji. Alipomfikisha dirishani alisikiliza kifua. Moyo ulikuwa unapiga, mbali, kama mtu anayebisha hodi nyumba ya tatu.

"Dada!" alimpigia kelele mshonaji wa chini. "Dada yangu, njoo! Ita gari la wagonjwa!"

Katika dakika kumi na mbili walizosubiri, huku mshonaji akipepea kwa gazeti na kulia bila sauti, macho ya Mkutubi yalifanya kazi ambayo mwenyewe hakuyatuma. Yaliona kidole gumba na cha shahada vya mzee vimepakaa gundi. Yaliona kwenye modeli nguzo nne zimesimama wima kama askari, ya tano imeinama, na ya sita imelala mezani haijaguswa. Kwenye tako la ile ya tano tone la gundi lilikuwa bado jeupe kama maziwa, ukingo wake ndio kwanza umeanza kung'aa.

*

Chama kilikuwa na watu wanne, na ni Mkutubi aliyekizaa bila kujua. Miaka tisa iliyopita, wiki moja, watu watatu tofauti walikuja maktaba kuulizia nakala moja ya riwaya ya upelelezi. Mmoja alikuwa na rangi ya fedha kwenye kucha, mwingine gundi kwenye ndevu, wa tatu penseli nyuma ya kila sikio. Yeye mwenyewe, nyumbani, alikuwa katikati ya kujenga chumba cha kulala kinachoenea ndani ya sanduku la viatu. Aliwatazama akacheka, akawaambia wakae chini wote.

Wa rangi ya fedha alikuwa Daktari wa meno, aliyeunda ndege. Wa gundi ndevuni alikuwa Mwalimu wa fizikia, wa treni. Wa penseli alikuwa Mzee Rula, mchoraji ramani mstaafu, wa majengo. Tangu hapo wakawa kama watoto wa tumbo moja. Kila mwezi walisoma riwaya moja kwa zamu. Mkutubi aliishona sura ya mwisho kwa uzi ili asiwepo wa kuchungulia, na kila mmoja aliandika nyuma ya kitabu nani anadhani ni muuaji na kwa nini. Kurasa hizo za nyuma alizijua kuliko kiganja chake: mwandiko wa Daktari kama mguu wa kuku, herufi kubwa za Mzee Rula zilizonyooka kama za kwenye ramani, na mwandiko wa Mwalimu wa ubaoni, wenye g zilizokunjwa kama nane na saba zenye kistari kiunoni. Siku ya kukata uzi walikuwa wakipiga kelele hadi mshonaji akagonga dari kwa mpini wa ufagio.

Ukumbi wa shule, lakini, haukuwa modeli ya mchezo. Ulikuwa ukumbi wa kweli, na roshani yake ilianguka miaka ishirini iliyopita ikaua wanafunzi watatu. Mzee Rula ndiye aliyeuchora. Mwalimu alikuwa akifundisha pale. Mwaka huu shule ilitaka modeli kwa ajili ya siku ya kumbukumbu, na mzee alikubali bila kufikiri mara mbili. Mwalimu peke yake ndiye aliyenung'unika. "Tuwaache watoto wapumzike," alisema, macho yamejaa machozi, na wenzake wakanyamaza kwa heshima.

*

"Ajali," Inspekta alisema Ijumaa asubuhi, saa tatu, akiwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha rangi. Alikuwa mtu mnene mwenye kalamu ya risasi fupi kama kipande cha sigara. "Mzee anapulizia, amesahau feni, kizunguzungu kinamshika, anaanguka, anajigonga kwenye ukingo wa rafu. Hajaamka, lakini daktari anasema ataamka."

"Hakuwa anapulizia," Mkutubi alisema.

"Alikuwa na bomba mkononi, mama."

"Lishike hilo bomba. Mpini wake ukoje?"

Inspekta alivaa glovu, akalishika, akaligeuza. "Msafi."

"Mzee vidole vyake vilikuwa vimejaa gundi. Mtu mwenye gundi vidoleni akishika mpini huo, gundi inabaki. Ile ya vidoleni ilikuwa imeshakauka alipowekewa bomba. Na hakuna mtu wa kazi hizi anayeacha nguzo imeinama kwenye gundi mbichi akaenda kupulizia rangi. Ni kama mshonaji kuacha sindano katikati ya tundu la kifungo akaenda kuoga."

Inspekta aliandika kitu.

"Na saa?" aliuliza baadaye, sauti imebadilika.

"Jana usiku sikulala vizuri, nikajaribu. Nilidondosha tone la ukubwa ule kwenye kadi. Ukingo unaanza kung'aa baada ya dakika ishirini. Mimi nililiona saa kumi na moja kasoro robo. Kwa hiyo nguzo ile iliwekwa saa kumi na dakika ishirini na tano, zikizidi kidogo au kupungua. Hapo ndipo alipopigwa."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa kitu kilichomo humu." Mkutubi alinyoosha kidole kwenye kipande cha reli, kirefu kama mkono wa mtoto, walichokandamizia vitu vilivyobandikwa. "Hiki kina vumbi la miaka tisa. Leo upande mmoja unang'aa na unanuka tina."

Inspekta alivuta kiti, akakaa. "Haya, tuanze upya," alisema. "Nani anaweza kuingia humu?"

Funguo zilikuwa tano. Nne za wanachama, moja ya mshonaji.

*

Daktari aliitwa saa nne. Aliingia na koti lake jeupe, akachagua kiti kilicho mbali na ukumbi ule mdogo.

"Jumamosi iliyopita," Inspekta alisoma kwenye daftari, "majirani walikusikia ukimwambia marehemu mtarajiwa, 'Mzee, nitakuua wewe.' Kweli?"

"Alimwaga mtama!" Daktari alifoka. "Nilikuwa nimebakiza kurasa arobaini, akasema mbele yangu mpishi hana hatia. Mtu anaweza kusema neno lolote!"

"Jana saa kumi na nusu ulikuwa wapi?"

"Kliniki. Na mgonjwa. Mpaka saa kumi na moja."

Inspekta alifungua bahasha, akatoa kijichuma chembamba chenye ncha iliyopinda, cha kuchokolea meno. "Hiki kimeokotwa mlangoni pa chumba cha rangi."

"Ninavyo kumi na viwili humu! Ndivyo ninavyofungia nyaya za ndege."

Alijibu haraka mno, na jasho lilimtoka kwenye kipara. Mkutubi alijua mtu anayesema uongo. Nusu ya kazi yake ilikuwa kusikiliza sababu za vitabu kuchelewa. Saa sita alipita kliniki. Msaidizi wa Daktari alimwambia bila kusita: Alhamisi Daktari alimaliza saa kumi kamili, akatoka mbio.

Alimkuta nyuma ya jengo, akila machungwa peke yake.

"Saa kumi ulikwenda wapi, mdogo wangu?"

Daktari alimeza kipande kizima. "Dada, nikikwambia utanidharau mpaka nakufa."

"Na usiponiambia utafungwa."

"Duka la vitabu la stesheni." Aliinamisha kichwa. "Nasoma sura za mwisho. Kila mwezi, miaka tisa. Ndiyo maana mimi sikosei. Muulize mwenye duka, jana amenifukuza saa kumi na moja na dakika tano, kasema hapa si kwa bibi yangu."

Mkutubi alishindwa aanze kucheka au kulia. Miaka tisa walimwita kichwa cha chama. Alikwenda stesheni, mwenye duka alithibitisha kila neno, akaongeza mengine yake.

Mwalimu yeye alihojiwa mchana huo kitandani kwake, shuka mpaka kidevuni. Homa ilimshika Alhamisi mchana, alisema, na hakutoka. Aliishi peke yake, hakuwa na shahidi, na hakuna aliyefikiria kumtafutia. Aliuliza swali moja tu, na alilirudia mara tatu: "Ameamka? Amesema kitu?" Jioni hiyohiyo alijikokota hospitali, akaomba ruhusa ya kukaa na rafiki yake.

*

Ijumaa saa tisa alasiri Inspekta alimchukua mshonaji.

Mkutubi alisimama ngazini akiangalia mama yule akiingizwa kwenye gari, futi ya kupimia bado imening'inia shingoni.

"Nimechimba faili la ule ukumbi," Inspekta alimwambia pembeni, hakuonekana kufurahi. "Fundi mwashi aliyejenga ile roshani alifungwa miaka kumi na tano. Mahakama ilisema ramani ina nguzo sita, yeye akasimamisha nne. Alifia gerezani. Na shahidi mkuu wa serikali alikuwa nani? Mchoraji wa ramani. Mzee wako. Huyu mama ni mjane wa huyo fundi."

"Wamekaa jengo moja miaka sita. Kila Jumamosi anampelekea uji."

"Anasema Alhamisi hakuna aliyepanda. Halafu anasema alitoka saa kumi na dakika tano kupeleka gauni, akarudi saa kumi na nusu. Mwenye gauni hakuwepo, eti akalitundika getini. Nani amemwona? Hakuna. Na kuna jambo anaficha, mama. Nimefanya kazi hii miaka ishirini na miwili. Anaficha."

Ni kweli alikuwa anaficha. Mkutubi alimlilia Inspekta mpaka akaruhusiwa kumwona saa kumi na mbili jioni, katika chumba chenye meza moja na benchi moja. Mshonaji alikuwa anakunja na kukunjua pindo la kanga.

"Dada yangu, nisikilize," Mkutubi alisema. "Mimi siamini. Lakini ukinyamaza watafanya kwako walichofanya kwa mumeo."

Mama yule aliliachia pindo la kanga.

"Mume wangu alisema mahakamani alipewa karatasi nyingine," alianza polepole. "Ramani ileile, lakini imefutwa nguzo mbili. Wakamwambia aitoe. Hakuwa nayo, ilipotea siku ile ya vumbi na vilio. Wakamcheka. Mwezi huu nikasema nilifumue koti lake la kazi, nitumie kitambaa. Nimelitunza miaka yote, dada, lilikuwa linanuka yeye. Mfuko wa ndani ulikuwa na tundu. Karatasi iliteleza ikaingia kati ya kitambaa na bitana. Imekaa humo miaka ishirini, na mimi nalala nalo."

Mkutubi alimsogelea. "Iko wapi?"

"Nilimpa Mzee Rula Jumanne. Aliitazama, akakaa chini kama mtu aliyekatwa miguu. Akaniambia, 'Mama, nilimfunga mtu asiye na kosa. Nipe siku chache, niongee na mtu mmoja kwanza.' Hakunitajia mtu huyo. Sasa ningesemaje polisi? Wangeona nina sababu ya kumuua."

Kule chamani hapakuwa na karatasi yoyote. Mkutubi na Inspekta walikuwa wamepekua kila droo.

"Karatasi ilikuwaje? Niambie kila kitu unachokumbuka."

"Nguzo mbili za katikati zimekwanguliwa kwa wembe, kwa ustadi, hadi uzipate lazima uinue karatasi kwenye mwanga. Pembeni pameandikwa kwa wino: 'Nguzo nne zatosha, umbali mita 7.' Mwandiko mzuri. Mimi ni mtu wa kukata vitambaa, naangalia umbo. Ile saba ilikuwa na mkanda kiunoni. Na ile g ya 'nguzo'..." Alichora kwa ukucha juu ya meza. "Kama nane."

Mkutubi alitazama ukucha ule ukizunguka. Alitamani asingekuwa ameuliza.

*

Usiku ule hakumpigia mtu simu. Mwandiko wa kuambiwa kwa mdomo haumfungi mtu, alijisemea, na ndani yake kulikuwa na sehemu iliyotaka iwe hivyo. Jumamosi saa mbili asubuhi alifungua maktaba mwenyewe, akaenda kwenye rafu ya riwaya, akachukua moja ya miaka mitatu nyuma, bila kuchagua. Saa nne alikuwa kituoni. Inspekta alikaa pembeni, kalamu mkononi.

Alifungua ukurasa wa nyuma kabisa, akafunika majina kwa kipande cha kadi. Ilibaki miandiko minne.

"Dada, usiharakishe. Kama haumo, sema haumo."

Mshonaji hakuhitaji dakika. Aliweka kidole chake chenye alama za sindano kwenye mstari wa tatu. "Huu."

Mkutubi aliondoa kadi.

"Alikuwa nani pale shuleni?" Inspekta aliuliza, amekwisha kusimama.

"Mwalimu wa fizikia." Alikumbuka hapohapo, kama mtu aliyekanyaga hewa pale alipodhani kuna ngazi. "Na katibu wa kamati ya ujenzi."

"Yuko nyumbani?"

"Yuko hospitali," Mkutubi alisema. "Tangu jana jioni. Anamlinda Mzee Rula."

*

Simu ya wodi haikupokelewa, na foleni ya magari iliwakamata kwenye mzunguko. Mkutubi hakungoja, alishuka, akakimbia mitaa miwili iliyobaki, kiatu kimoja kikimvuka, Inspekta akihema nyuma yake kwa mbali. Saa tano na nusu alisukuma mlango wa wodi. Nesi wa zamu alimpungia mkono kwa furaha. "Mzee ameanza kuchezesha vidole! Rafiki yake anamsomea kitabu."

Chumba kilikuwa cha kitanda kimoja. Mwalimu alikuwa kwenye kiti karibu na kichwa cha mgonjwa, riwaya ya mwezi ule imefunguka magotini. Uzi wa sura ya mwisho ulikuwa umekatwa. Alikuwa akisoma kwa sauti ya chini, sauti nzuri ya darasani, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umelala kwenye mto, mrija wa oksijeni ukipita kati ya vidole viwili.

Mkutubi alisimama. Angepiga kelele, vidole vile vingeubana mrija.

"Umefika wapi?" aliuliza.

"Pale wanapokusanywa wote sebuleni." Mwalimu hakuinua macho. "Siku zote nimeona sehemu hii ni ya uongo. Mtu halisi angekimbia."

"Wewe hukukimbia."

Mashine iliendelea kuhesabu moyo wa mzee. Mkutubi alizunguka kitanda polepole, akakaa upande wa pili, akaushika mkono wa Mzee Rula. Ulikuwa na joto.

"Gundi ilikuwa bado mbichi, Mwalimu. Na mpini wa bomba ulikuwa msafi. Na mshonaji anaukumbuka mwandiko wako, ingawa hakuwahi kujua ni wa nani."

"Ni yeye aliyempa mzee karatasi, siyo?" Alitikisa kichwa. "Nilidhani mzee ameipata kwenye makabrasha yake. Sikujua kuna mtu mwingine anayejua. Ningejua..."

"Ungefanyaje? Ungemfuata na yeye?"

Hapo ndipo alipoinua uso. Alikuwa amezeeka miaka kumi kwa siku mbili.

"Unataka kujua kwa nini niliziondoa nguzo zile? Watu watasema nilikula njama na mkandarasi. Sikula chochote. Kabla ya ujenzi nilikwenda kukaa kiwanjani, pale ambapo watoto wa viti vya nyuma wangekaa. Nguzo mbili zingekinga jukwaa lote. Mtoto maskini anakuja kuona mchezo wa kuigiza kwa mara ya kwanza maishani, anaona nguzo! Nikapiga hesabu. Mimi, dada, fizikia ndiyo kazi yangu. Hesabu ilisema nne zinatosha."

"Kwa nini hukumuuliza mchoraji?"

"Kwa sababu nilijua." Alicheka kicheko kikavu. "Nilipiga hesabu ya watu waliokaa. Siku ile walisimama wakaruka kushangilia."

"Na fundi?"

"Nilingoja karatasi itokee. Kila siku ya kesi nilikaa nyuma nikijiambia, ikitokea nasimama. Haikutokea. Siku moja ikapita, halafu wiki. Baadaye ukisema unakuwa umefanya makosa mawili, halafu kumi. Alipokufa nikahisi... Mungu anisamehe, nilihisi nafuu."

"Alhamisi?"

"Mzee aliniita. Akanionyesha karatasi, wala hakupandisha sauti. Alisema, 'Ndugu yangu, nimeisoma saba hii miaka tisa. Nenda mwenyewe kaseme, nakupa mpaka Jumamosi, nami nitakwenda na wewe.' Halafu akanipa mgongo, akaendelea kubandika nguzo. Akanipa mgongo, dada! Kama vile nimekwisha kukubali." Machozi yalimtoka sasa, yakidondoka kwenye kitabu. "Niliona nguzo ya tano inasimama. Sikumbuki kukamata reli. Yaliyofuata nayakumbuka yote: kumvuta, bomba, tina, feni. Hayo niliyafanya kwa akili timamu. Tumesoma vitabu mia moja pamoja, nilijua la kufanya."

"Na leo ulikuja kumalizia?"

Mwalimu alitazama vidole vyake kwenye mrija kana kwamba ni vya mtu mwingine.

"Tangu jana jioni najiambia nikimaliza ukurasa huu. Nikimaliza huu. Nimesoma kitabu kizima."

Mlango ulifunguka. Inspekta aliingia, shati limemganda mwilini kwa jasho. Alipita nyuma ya kiti, akaweka mkono wake mzito juu ya ule wa Mwalimu, akaufungua kidole kimoja kimoja. Hakukuwa na ubishi. Mwalimu alisimama mwenyewe, akageuza riwaya hadi katikati, akatoa karatasi ya ramani iliyokunjwa mara nne, ya rangi ya chai.

"Nilijaribu kuichoma mara mbili," alisema. "Chukua. Mpe mama yule."

"Itakwenda mahakamani kwanza," Inspekta alijibu.

Mlangoni Mwalimu aligeuka, akamtazama Mkutubi kama anayetaka kuaga. Mkutubi alikuwa ameinamia mkono wa Mzee Rula, na hakuinua kichwa.

*

Mzee Rula alifumbua macho Jumatatu. Maneno yalirudi taratibu, siku mbili tatu kwa neno, na la kwanza kueleweka lilikuwa jina la rafiki yake Mwalimu. Mkutubi alimweleza yote. Mzee alilia upande mmoja wa uso, ule uliokuwa unamtii, kisha akaomba kwa ishara dirisha lifunguliwe.

Wiki ya nne, jaji alikubali kesi ya zamani ifunguliwe upya, na ramani ya rangi ya chai ikawekewa namba ya kielelezo. Jioni hiyo mshonaji alikuja wodini kwa mara ya kwanza. Hakuwa amebeba uji. Alivaa gauni la kahawia alilojishonea mwenyewe, akasimama miguuni pa kitanda, mkoba ameukumbatia.

Mkutubi aliinuka atoke.

"Kaa," mshonaji alisema. "Nataka awepo wa kusikia."

Mzee Rula alijaribu kuketi, akashindwa, akajaribu tena mpaka Mkutubi akamwekea mto.

"Ulisimama mahakamani," mshonaji alimwambia, "ukasema ramani yako haina kosa, kosa ni la aliyejenga. Hukumwangalia hata usoni."

"Si... sikumwangalia," mzee alisema.

"Nilikuletea uji miaka sita. Nilikuwa najua wewe ni nani tangu siku ya kwanza. Nilitaka nimwone mtu aliyesema vile anaishije. Nikaona unaishi kama watu, unacheka, unasoma vitabu. Nikaona huna ubaya. Hilo ndilo lililoniuma zaidi." Alipumua. "Sijaja kukusamehe leo. Labda siku nyingine. Nimekuja kwa jambo moja. Miaka ishirini mtaa mzima unaniita mke wa muuaji. Shuleni wanataka niende siku ya kumbukumbu, nikae mbele, na wewe ndiye utakayewatambulisha wageni. Nataka kujua, mbele ya wale wazazi, utaniitaje?"

Mzee Rula alifumba macho. Midomo ilihangaika, ikatafuta, ikapoteza, ikaanza tena. Mkutubi aliuma ulimi wake asimsaidie.

"Mke," alisema mwishowe. Jasho lilimtiririka. "Mke wa... fundi."

Mshonaji alibaki amesimama. Kisha mkoba ulimtoka mikononi, akavuta kiti, akakaa, na kwa mara ya kwanza tangu Mkutubi amjue, alilia kwa sauti.